AFYA NYUMBANI: Mfuko wa Utumbo Unapovimba

Mwaka 1978 madaktari wapasuaji Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, walitangaza njia ya kumsaidia mgonjwa aliyeondolewa utumbo mpana kwa sababu ya vidonda visivyopona. Ncha ya utumbo mwembamba hukunjwa na kushonwa iwe mfuko, kisha huunganishwa na njia ya haja.

Lakini mfuko huo waweza kuvimba. Dalili zake ni tumbo kusokota, kuharisha kupita desturi, haja isiyozuilika, na pengine damu au homa. Jamaa wa nyumbani wakidhani ni tumbo la kuhara tu, mgonjwa huchelewa kutibiwa. Yapasa aende kwa daktari na kumweleza habari za upasuaji ule.

Mara nyingi daktari huanza na siprofloksasini au metronidazoli, kwa muda wa wiki mbili hivi. Nafuu ikija mapema, isiwe sababu ya kuacha vidonge kabla ya siku alizoagiza daktari. Wala visiwekwe akiba au kugawiwa jirani: vijidudu vilivyozoea dawa ni kama adui aliyekwisha kujua mbinu za kikosi.

Anywaye metronidazoli ajiepushe na pombe. Siprofloksasini isimezwe kwa maziwa, na kano zikiuma daktari aarifiwe mara moja. Uvimbe ukirudi, mgonjwa asijinunulie dawa dukani, arejee hospitali. Maji aliyopoteza kwa kuharisha yarudishwe kwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa.