Gari Lisihukumiwe kwa Uzee wa Betri

Mwenye Nissan Leaf ya mwaka 2011 aketipo nyuma ya usukani huviona, kando ya kipimo cha chaji, vipande vidogo 12 vya mwanga vilivyopangwa kama ngazi. Na kadiri miaka inavyopita vipande hivyo huzimika kimoja baada ya kingine, hata gari lililotoka kiwandani likiweza kwenda kilomita 117 kwa chaji moja, kwa kipimo cha serikali ya Marekani, likawa halimfikishi mtu kazini na kumrejesha nyumbani pasi na wahaka. Mota yake haina taksiri, bodi haijaliwa na kutu, viti vingali vizima. Walakini aghalabu watu husema gari limekwisha. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, haina insafu.

Betri ya kwanza ya gari hili ilichukua kilowati-saa 24, na ile iliyotoka Japani mwaka 2017 ilichukua 40, ilhali idadi ya seli ilibaki 192 kama awali, na uzito wa kila betri ni karibu kilo 300. Ndiyo maana wako mafundi, Finland na New Zealand, walioweza kulipandisha gari kongwe kwenye lifti, wakafungua bolti, wakaiteremsha betri iliyochoka juu ya meza ya magurudumu, na mahali pake wakapachika kubwa iliyotolewa katika gari lililopata ajali. Pingamizi huja baada ya bolti kukazwa: kompyuta ya gari huikataa betri ngeni kwa kuwa hazisemi lugha moja, na fundi hulazimika kuchomeka kati yazo kibao kidogo cha elektroniki kiwe tarijumani, kikipokea habari za betri na kuzifasiri kwa namna gari la kale linavyozifahamu. Lugha yenyewe mafundi waliipata kwa kuyasikiliza mawasiliano yapitayo katika nyaya, kwani hakuna kitabu alichopewa mnunuzi kilichoieleza.

Naambiwa usiri huo ni kwa ajili ya usalama. Kweli, betri iliyojaa hukaribia volti 400, nazo huweza kumwua mtu papo hapo. Lakini hatari haimwondokei fundi kwa kufichwa maarifa, bali humzidia, maana hubaki akibahatisha. Fauka ya hayo, watengenezaji wakitaka huweza: Tesla, mwishoni mwa mwaka 2014, ilitangaza betri kubwa zaidi kwa ajili ya Roadster zake za zamani, ingawa bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida.

Jambo hili latuhusu sisi tunaopokea magari yaliyotumika kutoka Japani katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Leaf hizi za zamani hazina maji ya kupoza betri, na mwaka 2012 wenye magari hayo katika joto la Arizona walikwisha kulalamika kuwa vipande vyao vinazimika mapema mno. Na joto letu si haba. Basi wakaguzi watazamao breki na taa kabla gari halijapakiwa melini wahesabu na vipande vile 12, idadi iandikwe katika cheti. Na kampuni iombayo idhini ya kutuuzia magari mapya ya umeme iwakabidhi mafundi wetu, kabla ya gari la kwanza kushuka, kamusi ya lugha ya betri yake.