Kijibwa si mwanasesere, ni roho yenye haki

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, hivi karibuni mzazi mmoja alitujia baada ya swala ya Ijumaa, uso wake umejaa huzuni. Binti yake wa miaka tisa aliona katika simu picha ya kijibwa cha manyoya meupe, akakililia kwa mwezi mzima. Baba akashindwa kuvumilia machozi ya mwanawe, akakinunua kwa mtu aliyekileta ndani ya kikapu, pasipo cheti cha chanjo wala maelezo yoyote. Usiku wa tatu familia ililala mapema, na kijibwa hakikulishwa. Asubuhi kilikutwa kikitetemeka, hakiwezi kusimama. Kabla ya adhuhuri kilikuwa kimekufa. Mzazi yule alituuliza: "Je, kosa letu ni kukiweka nyumbani, au ni kukiacha kikafa?"

Swali hilo tumeona tulifikishe kwa familia zote, kwani mtindo wa kununua mbwa wadogo wa mapambo umeingia mijini mwetu, na nyumba za Waislamu hazikusalimika nao.

Tuanze na hukumu. Hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinatufundisha kwamba mwenye kuweka mbwa hupungukiwa thawabu zake kila siku, isipokuwa awe ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi wamepimia hapo haja nyingine za kweli, kama vile kulinda nyumba dhidi ya wezi au kumwongoza asiyeona. Tujiulize kwa uadilifu: kijibwa chenye uzito wa kilo mbili, kinacholala juu ya mto wa kochi, kinalinda nini? Aidha, imepokewa katazo la kula thamani ya mbwa. Kwa sababu hiyo, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, biashara ya mbwa haisihi. Imamu Abu Hanifa aliruhusu kuuzwa kwa mbwa mwenye manufaa. Lakini pambo peke yake si haja.

Ama kuhusu twahara, Shafi wanamhesabu mbwa kuwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanazuoni wa Kimaliki wanaona kwamba mbwa mwenyewe ni twahara, na kwamba kuosha huko ni ibada tu. Hitilafu hiyo ni rehema, wala hatupendi igeuzwe kuwa ugomvi kati ya jirani na jirani.

Basi msimamo wetu uko wazi: familia ya Kiislamu isinunue kijibwa cha mapambo. Hata hivyo tungekuwa tumesema nusu ya maneno iwapo tungeishia hapo, kwani wapo wanaodhani kwamba hukumu hii imewapa ruhusa ya ukatili. La hasha! Ni Mtume huyu huyu (S.A.W.) aliyetusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Ndiye aliyetusimulia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula. Mate ya mbwa kuwa ni najisi hakumhalalishii mtoto wetu kumpiga mbwa mawe, wala hakumhalalishii baba kumtupa jalalani kiumbe alichokileta nyumbani kwa hiari yake.

Hapo ndipo ujuzi unapohitajika, kwa sababu wauzaji huviita vijibwa hivi vya kuchezea, na jina hilo linawahadaa watu. Chihuahua mkubwa kwa kawaida hazidi kilo tatu. Pomeranian na Maltese nao ni wa kiasi hicho au huzidi kidogo. Mtoto wa mbwa wa namna hiyo hana akiba ya mafuta mwilini. Akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu yake hushuka, akatetemeka, akayumba, akazimia, na asipowahiwa hufa. Tunahofia kwamba hayo ndiyo yaliyokipata kijibwa cha mzazi yule. Hakuna aliyekipiga, lakini hakuna aliyejua kwamba kinapaswa kulishwa kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku, na kuhifadhiwa mahali penye joto usiku. Mwenye kuona dalili hizo akipake asali kidogo kwenye ufizi, kisha akikimbize kwa daktari wa mifugo.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Chanjo za maradhi kama parvo, ambayo huleta matapishi na kuhara damu, huanza katika wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa mpaka afikie wiki kumi na sita. Mifupa yake ni myembamba, kiasi kwamba kuruka kutoka kwenye kochi au kuponyoka mikononi mwa mtoto huweza kumvunja mguu. Koo lake ni laini, hivyo akitembezwa afungwe ukanda wa kifuani, si wa shingoni. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwake. Manyoya marefu ya Maltese yanahitaji kuchanwa kila siku. Na mzigo huu si wa mwezi mmoja, kwani mbwa hawa huishi miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, na wengine huzidi. Binti wa miaka tisa atakuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na yule mbwa bado anangoja chakula mlangoni.

Liko pia suala la usalama wa watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na takriban arobaini katika kila mia ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Udogo wa mbwa haumkingi na maradhi hayo. Kinachomkinga ni chanjo, ambayo hutolewa anapofikia miezi mitatu hivi na kurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa wazazi ambao tayari wanacho kijibwa nyumbani, nasaha zetu ni hizi. Msikitupe wala kukiacha njiani. Kilisheni, kipatieni chanjo, kitengeeni mahali pake mbali na jikoni na mahali pa kuswalia, huku mkimtafuta mtu mwaminifu mwenye uwezo wa kukitunza, mumpe bila ya kudai bei. Kila siku mtakayokilisha mkiwa katika kutafuta huko, tunataraji kwa Mola wetu malipo mema, kwani tumefundishwa kwamba kumtendea wema kila chenye uhai kuna ujira.

Na mtoto anayelilia mnyama asikemewe, kwani huruma iliyomo moyoni mwake ni neema. Paka si najisi, na Mtume (S.A.W.) alimhesabu miongoni mwa viumbe wanaotuzunguka majumbani mwetu. Lakini paka naye ana njaa, ana maradhi, naye anahitaji chanjo. Mtoto na afundishwe kumwekea maji kabla yeye mwenyewe hajanywa chai ya asubuhi. Hilo ni darasa la amana ambalo kitabu hakiwezi kulifundisha peke yake.

Tukirejea kwa mzazi yule, tulimjibu kwamba yote mawili yanahitaji istighfari: kukinunua bila haja, na kukichukua bila elimu. Tukamwomba pia amweleze binti yake ukweli, kwamba kijibwa kile hakikuharibika kama kiharibikavyo kitu cha kuchezea, bali kilikufa kwa njaa katika nyumba yenye chakula. Ni maneno mazito kwa mtoto, lakini atakayeyabeba hatathubutu kumsahau kiumbe mwingine aliyefungiwa asijilishe mwenyewe.

Tunamwomba Allah atujaalie huruma yenye elimu, na elimu yenye huruma. Wabillahi tawfiq.