Kompyuta yasoma vitabu vya kampuni kongwe ya Uholanzi, majina ya watumwa hayamo

KWA zaidi ya karne mbili, barua na vitabu vya hesabu vya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, inayofahamika zaidi kama VOC, vilisomwa na watu wachache mno. Sasa kompyuta zimefundishwa kuusoma mwandiko wa makarani wake, na kinachojitokeza ni zaidi ya bei ya pilipili manga na karafuu.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1602 na kufa rasmi mwishoni mwa mwaka 1799. Iliacha nyaraka zinazokadiriwa kufikia kurasa milioni 25, ambazo leo zimetawanyika The Hague, Jakarta, Colombo, Chennai na Cape Town. Zile zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini The Hague peke yake zinajaza rafu zenye urefu wa takriban kilometa 1.2. Mwaka 2003 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Ugumu haukuwa kuzipata, bali kuzisoma. Mtafiti alipaswa kusafiri hadi The Hague, ajue Kiholanzi cha karne ya 17, azoee mwandiko wa kalamu ya unyoya, kisha apekue kurasa moja baada ya nyingine akiongozwa na orodha fupi za yaliyomo. Asiyeweza hayo alitegemea majuzuu ya barua yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1960, na humo alisoma kile tu ambacho wahariri walikiona kinafaa. Wahariri hao walifanya kazi kubwa na ya heshima. Lakini kuchagua ni kuacha pia.

Mabadiliko yameletwa na programu za kusoma mwandiko wa mkono, mojawapo ikiwa ni Transkribus, ambayo chimbuko lake ni mradi ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria. Programu ya aina hii haijui historia. Wataalamu huipa picha za kurasa pamoja na maneno yake waliyokwisha kuyanakili wenyewe, nayo hujifunza jinsi maumbo ya wino yanavyolingana na herufi, kisha huachiwa iendelee peke yake. Kwa njia hiyo mradi wa GLOBALISE, unaoongozwa na Taasisi ya Huygens ya Amsterdam, unashughulikia takriban kurasa milioni 5 za barua na ripoti zilizopelekwa Uholanzi kutoka vituo vya kampuni. Mtu huandika neno moja, na karne mbili za barua hujibu.

Swali ni nani anayejibu. Nyaraka hizi ziliandikwa na wafanyabiashara kwa ajili ya wafanyabiashara, na kompyuta haiwezi kusoma kilichokataliwa kuandikwa. Mfano mzuri ni vitabu vya mishahara ya mabaharia na askari, ambavyo taarifa zake ziliingizwa kwenye kompyuta kwa mikono ya watu kabla programu hizi hazijaenea. Mtu wa daraja la chini kabisa melini anaonekana humo kwa jina lake, mji alikotoka, meli aliyopanda na namna utumishi wake ulivyokoma. Aliandikwa kwa sababu alikuwa anadai mshahara. Mtumwa hakudai kitu, hivyo mara nyingi aliingia katika vitabu kama idadi, jinsi yake na bei.

Waliopewa majina walipewa mapya. Katika makazi ya kampuni huko Rasi ya Tumaini Jema, wapo walioitwa Februari au September, huku mahali walikonunuliwa pakigeuzwa kuwa ubini wao. Mtafiti akitafuta neno Msumbiji atawaona watu wengi. Jina ambalo mama wa mmoja wao alimwita hatalipata, hata programu iwe hodari namna gani.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika hesabu hizo. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli mbili za kampuni, De Zon na Jagtrust, zilitoka Rasi na kuja pwani ya Waswahili kununua watumwa. Shajara za safari hizo zilitangazwa kwa wasomi na mwanahistoria Robert Ross mwaka 1986, yaani kwa njia ile ya kale ya mtu kukaa na karatasi.

Jina la mtumwa lilipoandikwa kwa urefu, aghalabu palikuwa na kesi. Mwaka 1766 watu waliochukuliwa Madagascar kwa meli ya Meermin waliiteka meli hiyo baharini. Kiongozi wao, Massavana, anafahamika leo kwa sababu walishindwa na maofisa wakachunguza. Alifia kisiwani Robben mwaka 1769. Laiti angefika Rasi kimya kimya, huenda angebaki tarakimu.

Upo pia udhaifu wa mashine yenyewe. Herufi iliyofifia huzaa neno lisilokuwapo, na jina la mji mmoja huandikwa kwa tahajia nyingi, hivyo anayetafuta tahajia moja hudhani amekuta yote. Majedwali yenye safu za tarakimu huisumbua kuliko barua, na hapo ndipo ilipo kejeli ya mambo: katika nyaraka za kampuni ya biashara, kurasa za hesabu ndizo ngumu zaidi kwa kompyuta. Mwanahistoria anayenukuu bila kurudi kwenye picha ya ukurasa anacheza kamari.

Kwa upande mwingine, picha hizo ni bure. Msomaji wa Dar es Salaam mwenye intaneti anaweza kuufungua ukurasa uleule anaoufungua profesa wa Leiden, ingawa maandishi atakayoyakuta chini yake bado ni Kiholanzi cha zamani.

Dar es Salaam nako kuna shehena ya aina hiyo. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ziliingia katika orodha ileile ya UNESCO mwaka 1997, miaka sita kabla ya zile za VOC. Mwandiko wa Kijerumani wa enzi hizo nao tayari husomwa na programu hizi, mradi karatasi iwe imepigwa picha kwanza.