Mashauri ya Nyumbani: Kijana Mwenye Maradhi Mawili

Mwezi huu twaeleza habari za kijana wa usharika wetu, kwa ruhusa yake, jina tukilificha.

Kijana huyu alizaliwa na virusi vya Ukimwi, na dawa zake alizimeza kwa uaminifu. Alipotimiza miaka 19 akaanza kukonda na kutoka jasho usiku, na ubavu wa kushoto ukamvimba kwa bandama. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Lakini hospitalini damu ilipopimwa, ilionekana ni saratani ya damu ile iendayo polepole: uboho wa mifupa hufanya chembe nyeupe kupita kiasi. Saratani hii haiambukizi. Tangu mwaka 2001 viko vidonge viitwavyo imatinibu, humezwa kila siku pamoja na chakula na maji mengi, na wengi wavitumiao huishi miaka mingi.

Basi bandama ikanywea, naye akaja kushuhudia kanisani ya kuwa ameviacha vidonge vile, kwa maana Mungu amemponya. Nasi tukaimba, tukaisifu imani yake. Ndugu, hapo tulikosa. Miezi haikuwa mingi, tukamchukua hospitalini kwa machela.

Huko likafunuliwa jambo la pili. Kwa haya, hakumwambia tabibu wa saratani habari za virusi. Kumbe dawa hizi hukutana katika ini. Efavirenzi, aliyokuwa akiimeza, huweza kuipunguza imatinibu katika damu hata isifae. Ritonaviri huweza kuizidisha hata ikadhuru. Dolutegraviri haishindani nayo hivyo. Matabibu walipojua yote, wakambadilishia dawa, wakawa wakimpima damu mara kwa mara. Leo analima pamoja na wenzake.

Kwa hiyo twawasihi, enyi wazazi: mwana wenu mwenye maradhi mawili na aonyeshe kila tabibu dawa zake zote, hata mizizi ya nyumbani. Asiache kidonge kwa kuwa ameona nafuu. Nasi wazee wa kanisa tusimwulize mgonjwa kama ameacha dawa, bali kama amemeza ya leo. Luka mwinjilisti alikuwa tabibu, wala kazi hizo mbili hazikugombana.

Mungu awalinde nyumbani mwenu.