Tarehe ya barua pepe si ya kuaminiwa kwa kutazamwa tu

MAWAKILI wanapozozana kortini kuhusu barua pepe iliyotumwa siku ya mwisho ya mkataba, kesi nzima yaweza kutegemea mstari mmoja tu: ule wa tarehe. Sehemu ya 106B ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu rekodi za kielektroniki kupokewa kortini iwapo masharti yaliyowekwa yatatimizwa. Lakini mstari huo kwa kawaida huandikwa na tarakilishi ya mtumaji, na saa yake ikiwa mbovu au imechezewa, barua husafiri na uongo huo hadi kwa mpokeaji.

Kanuni nazo zina kasoro zake. Waraka wa RFC 822 wa mwaka 1982 uliruhusu mwaka uandikwe kwa tarakimu mbili. Majina ya majira uliyoyatambua yalikuwa ya Greenwich na Amerika Kaskazini pekee, na hata herufi za majira ya kijeshi zilihesabiwa kinyume, kosa ambalo RFC 1123 ilikiri mwaka 1989. Afrika Mashariki haikupewa jina. Saa zake huandikwa +0300.

Hapo ndipo hatari ilipo. RFC 2822 ya mwaka 2001 inashauri kwamba jina lisilojulikana lichukuliwe kana kwamba ni saa za Greenwich. Basi barua iliyotiwa alama ya EAT, iliyotoka Nairobi saa nne usiku Jumatatu, itaonekana kwa mpokeaji wa hapa hapa Nairobi kuwa ya saa saba usiku, tarehe ya Jumanne. Aliyewahi ataitwa mchelewaji.

Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa kila mtaalamu aibuni upya ofisini mwake. Zipo maktaba za programu zilizokwisha kuandikwa, mathalan Email::Date ya lugha ya Perl, ambayo ikikosa mstari wa tarehe hutafuta mihuri iliyoachwa na seva njiani. Wafungashaji wa kujitolea wa Debian waliigeuza kifurushi. Kufungasha huko si kukunja faili tu: leseni hukaguliwa, maktaba nyingine inazozitegemea huorodheshwa, na majaribio hurudiwa kwenye mashine isiyo ya mwandishi. Jaribio lililofaulu kwa saa za Marekani laweza kuanguka kwingineko, na heri lianguke hapo kuliko kortini. Kasoro ikirekebishwa kwenye kifurushi, programu zote zinazokitumia hunufaika kwa sasisho moja.

Hata hivyo, hakuna kifurushi kiwezacho kuitibu saa ya mdanganyifu. Mihuri ya awali nayo huweza kughushiwa. Wakili makini atauliza kuhusu muhuri uliogongwa na seva ya mpokeaji mwenyewe, kisha adai kumbukumbu za seva hiyo kabla hazijafutwa.