Maji Yatuamayo Nyuma ya Pikapu

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo lawatia wengi hasara: maji ya mvua yatuamayo nyuma ya pikapu, hasa zile zilizovikwa bitana ya plastiki.

Bitana hiyo ni ganda gumu lenye umbo la sanduku la gari, nalo hulazwa ndani ili mawe na mapipa yasikwaruze rangi. Ni kitu chema. Lakini mwenye gari huiona safi, akadhani ya kuwa chuma kilicho chini yake ki salama. Kikulacho ki nguoni mwako. Maji hupenya pembeni, yakakaa kati ya plastiki na chuma, mahali pasipofika jua wala upepo. Mchanga nao huingia. Basi gari likitikisika njiani, plastiki huusugua mchanga huo juu ya rangi kama msasa, hata chuma kikabaki uchi. Ndipo kutu ianzapo kula. Kwa wale wachukuao samaki wa baharini au mbolea ya chumvichumvi, kutu huenda mbio zaidi, maana chumvi huihimiza.

Labda mtauliza, mbona maji hayatoki kwa mlango wa nyuma? Sababu ni hii. Springi za nyuma zimetengenezwa kustahimili mzigo. Kwa hiyo pikapu nyingi, zikiwa tupu, huinua mkia na kuinamisha kichwa. Maji hufuata mkondo, nayo huenda kutuama mbele, karibu na chumba cha dereva. Tena yana uzito: sanduku la mita 1.5 kwa mita 1.5, likishika maji ya kina cha sentimita 2 tu, limebeba lita 45, yaani kilo 45. Mfuko wa saruji uliolazwa humo huganda, usifae kujengea. Hata mbu hutaga mayai humo, na penye joto mbu wapya huweza kuruka kwa muda wa siku 10 hivi, wakiwamo wale waenezao homa ya kidingapopo.

Basi tufanyeje? Wako watoboao bitana kwa haraka, wakafurahi kuona maji yameshuka. Walakini wameyaondoa mahali paonekanapo, wakayaficha mahali pasipoonekana. Njia iliyo njema ni kuyafungulia maji mpaka yafike chini ardhini.

Kwanza, simamisha gari mahali palipo sawa, mwaga ndoo ya maji, uone yatuamapo, ukatie alama. Pili, itoe bitana nje, ukichunguze chuma. Magari mengi yana matundu ya kutolea maji katika pembe za mbele, nayo huzibwa na tope na majani, yazibue. Tatu, toboa bitana ingali nje ya gari, mkabala na matundu hayo. Usiitoboe ikiwa imelala ndani, maana chini ya sakafu huweza kuwapo tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Ikiwa chuma hakina tundu, fundi na atazame chini kwanza ndipo atoboe, na kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku ile ile. Nne, sugua kila penye kutu, paka rangi, ngoja ikauke sana, kisha rudisha bitana.

Iko bitana nyingine ya kupulizwa, ishikamanayo na chuma, isiyoacha nafasi ya maji kujificha. Nayo ni njema, ila ikipulizwa juu ya kutu, kutu huendelea kula chini yake. Tena fundi aangalie asiyazibe matundu.

Siku za mvua, liegeshe gari kichwa kikielekea mlimani, na mlango wa nyuma uwe wazi. Maji yatajiendea yenyewe.

Pikapu kwa nyumba nyingi ni shamba la pili: ndiyo iletayo unga na karo ya watoto. Sakafu yake ikitoboka, hasara si ya dereva peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila masika yakiisha, itoeni bitana, mkaitazame sakafu kwa macho yenu wenyewe.