Tunajua Kujichosha, Hatujui Kupumzika

Wadau, tangu Alphonce Simbu atuletee ile dhahabu ya Tokyo, Septemba 15, 2025, kila ninayekutana naye amekuwa mtaalamu wa riadha. Wala si vibaya. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha, na ilipatikana kwa namna ya kusisimua kweli kweli. Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni nzima kwa muda ule ule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mwisho wa mbio iamue. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Ukipepesa jicho umeikosa.

Sasa kinachonishangaza ni somo ambalo wengi wetu tumelichukua. "Jamaa anajituma bwana!" Basi. Na vijana wenzangu wa hapa mjini wakishasema hivyo wanavaa raba, wanaingia barabarani siku saba kwa wiki, kila siku mbio, kila siku kasi, kila siku wanarudi nyumbani wakichechemea na kujipiga picha. Klabu za jogingi zimejaa, jimu zimejaa, na kauli mbiu ni moja: usipoumia hujafanya mazoezi.

Mimi nasema hivi: kujituma tunako kwa kutosha. Tunachokosa ni kupumzika. Na upungufu huo unatugharimu, kuanzia wewe unayejiandaa na nusu marathoni kule Moshi mpaka watoto wetu wa shule wanaokimbia pekupeku kwa ajili ya mkoa wao.

Hebu tuanze na jambo ambalo kocha yeyote mzuri atakuambia. Mazoezi yenyewe hayakuongezei nguvu. Ukitoka kukimbia kilomita 15 wewe ni dhaifu kuliko ulivyoondoka nyumbani: nyuzi za misuli zimechanika kidogo kidogo, akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli imepungua, mwili umepoteza maji na chumvi. Nguvu inakuja baadaye, ukiwa umekula na umelala, pale mwili unapokarabati palipobomoka na kupaimarisha kuliko mwanzo ili kesho usishtukizwe tena. Zoezi ni oda, mapumziko ndiyo kiwanda. Ukiendelea kupeleka oda kila siku wakati kiwanda umekifunga, unategemea bidhaa itoke wapi?

Ndiyo maana mzigo wa mazoezi unapandishwa polepole. Pumzi inakuwa nzuri ndani ya wiki chache tu, hapo mtu anaanza kujiona shujaa. Lakini kano na mifupa huchelewa, vinahitaji miezi. Mtu anajisikia vizuri, anaongeza kilomita kwa pupa, na mguu ambao haujawa tayari unamwambia ukweli. Wengi wanaoumia mwezi mmoja kabla ya mbio wanaumia kwa njia hii, kisha wanasingizia raba.

Nakubali kuna watakaoniambia: "Mbona Wakenya wanakimbia mara mbili kwa siku?" Swali zuri. Tuwaangalie hao hao Wakenya. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:01:09 pale Berlin mwaka 2022, amefanya mazoezi kwa miaka mingi kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, ambaye naye alipata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992 Barcelona. Ratiba ya kambi ile imeandikwa sana. Siku ngumu ni tatu kwa wiki: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Siku nyingine wanakimbia taratibu, na zile mbio za pole za Wakenya zinaanza polepole kiasi kwamba wewe na mimi tungeweza kwenda nao kilomita ya kwanza tukipiga stori. Baada ya mazoezi ya asubuhi wanakula, wanalala mchana, wanakunywa chai, wanakimbia kidogo jioni, kisha usiku wanalala mapema. Na miaka yake bora Kipchoge alikuwa anakimbia marathoni mbili tu kwa mwaka. Mbili! Hapa mjini kuna mtu anakimbia mbio za hisani kila mwisho wa mwezi na zote anataka kuvunja rekodi yake.

Jambo hili si la Wakenya peke yao. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochunguza ratiba za wanamichezo wakubwa wa mbio, baiskeli, makasia na kuteleza kwenye theluji alikuta kitu kile kile: takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi, ya kiwango ambacho mtu anaweza kuongea bila kuhema. Asilimia 20 iliyobaki ndiyo ngumu, na hiyo ni ngumu kweli. Sisi tumegeuza. Kila siku tunakwenda kwa kasi ya kati, kali mno kwa siku ya kupumzika na pole mno kwa siku ya kazi. Hatupumziki na hatufanyi kazi, tuko katikati tunatoa jasho.

Tuje kwenye usingizi. Hii ni dawa ya bure ambayo tunaidharau kwa sababu haiuzwi kwenye kopo. Mwaka 2011 Cheri Mah na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti kuhusu wachezaji 11 wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho. Waliwaambia wakae kitandani angalau saa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Hakuna dawa, hakuna zoezi jipya. Mbio zao fupi uwanjani zikashuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru iliyoingia ikaongezeka kwa asilimia 9. Ni utafiti mdogo, kweli, lakini jiulize: ni kopo gani la unga wa protini limewahi kukupa matokeo kama hayo? Sisi tunaangalia mpira wa Ulaya hadi saa sita usiku, tunachati mpaka saa saba, saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani. Halafu tunashangaa miguu mizito.

Chakula nacho. Vijana wa mjini tumeaminishwa kwamba ugali ni adui. Watafiti waliochunguza mlo wa wakimbiaji wa Kikalenjin walikuta robo tatu hivi ya nishati yao inatokana na wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari ya kwenye chai. Misuli inajaza akiba yake kwa wanga huo huo. Ukikimbia mbio ndefu leo na usile vya kutosha, kesho unaanza na tangi nusu. Protini nayo ni muhimu, lakini maharage, mayai, maziwa na dagaa vinafanya kazi hiyo vizuri kabisa, huna haja ya kutumia nusu ya mshahara kununua makopo. Na yale mabarafu tunayoyaona kwenye picha za mastaa? Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba kujitumbukiza kwenye maji ya baridi kila baada ya zoezi la nguvu, kwa wiki 12, kunapunguza ukuaji wa misuli. Yanaweza kumsaidia anayecheza mechi leo na keshokutwa. Kwa anayejenga mwili anajirudisha nyuma mwenyewe, tena kwa gharama.

Lakini wadau, sikuketi kuandika haya ili tu mimi na wewe tukimbie nusu marathoni vizuri. Kuna kitu kikubwa zaidi kinaniuma.

Kupumzika kunahitaji pesa. Kijana anayechezea timu ya daraja la chini anaamka saa kumi, anapanda daladala mbili akiwa amesimama, anafanya mazoezi, anakunywa chai na chapati mbili, anakwenda kubeba zege mpaka jioni, kisha anarudi kwa daladala zile zile na kulala kwenye chumba chenye watu wanne na joto la Dar. Huyu tunamwambia ajitume? Ameshajituma tangu alfajiri! Akishindwa kukaza dakika ya 80 jukwaa zima linamzomea kwamba hana pumzi. Pumzi anayo, hana pa kulala.

Tazama orodha ya mashujaa wetu wa riadha. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989. Simbu mwenyewe. Wote watatu wamepitia Jeshi la Wananchi. Watu wanasema jeshi liliwapa ukakamavu, na sibishi. Ila mimi naona jeshi liliwapa kitu ambacho hatukitaji: ajira. Mshahara wa kila mwezi, uhakika wa chakula, na nafasi ya kufanya mazoezi bila kwenda kubangaiza baada ya hapo. Liliwapa nafasi ya kupumzika. Ni vipaji vingapi vya Mbulu na Singida ambavyo havikupata sare vimeishia kwenye bodaboda?

Halafu kuna watoto. Nimewahi kuripoti mashindano ya shule za sekondari ambako binti mmoja alikimbia mchujo wa mita 800 asubuhi, fainali ya 1500 mchana, siku iliyofuata akakimbia tena, na mwalimu wake akanieleza kwa fahari kwamba jioni angecheza netiboli. Mlo ulikuwa wali na maharage kidogo, malazi ni madarasa. Kila mtu alimshangilia, na alistahili. Mimi niliondoka nikijiuliza atakuwa wapi akifika miaka 22, umri ambao mkimbiaji ndiyo kwanza anaanza kukomaa.

Na kwa mabinti kuna hatari nyingine tusiyoizungumza kwa sababu ya aibu. Msichana anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha anaweza kupoteza hedhi, na hedhi ikikatika kwa miezi mifupa inaanza kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hii ya mwili kukosa nishati, na ikasema inawapata wanaume pia. Ni makocha wangapi wa shule zetu wanaouliza swali hilo? Wengine wanafurahi, eti binti amekuwa mwepesi.

Nini kifanyike? Wewe msomaji anza na yako: siku mbili au tatu ngumu kwa wiki zinatosha, nyingine nenda mwendo wa kuongea, na siku moja kaa nyumbani bila kujisikia mkosaji. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakipanda kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi ukawa wa mang'amung'amu na hasira zikawa karibu, mwili unakuomba likizo. Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio punguza kilomita kwa nusu hivi ila usiache kasi kabisa. Kilomita utakazoongeza wiki hizo hazitakusaidia tena, zitakuchosha tu.

Kwa viongozi wa michezo nina ombi moja. Kabla ya kununua jezi mpya na kualika kamera siku ya kukabidhi bendera, hesabuni vitanda, sahani na neti za mbu. Kambi ya siku tano kabla ya safari haijengi mwili wa mtu. Mwili unajengwa kwa miezi ya kufanya kazi, kula na kulala, na hakuna hotuba ya kumtaka mchezaji "apambane kizalendo" inayoweza kuziba pengo la miezi hiyo.

Simbu katupa sekunde 0.03. Mchovu hazipati hizo. Mnasemaje wadau, au mimi ndiye mvivu tu ninayetafuta hoja ya kulala? Nawasilisha.